Mwaka Mama Alipoacha Kufagia Bustani

Enzi zetu, mtu akitaka kujua habari za nyumba hakuuliza. Aliangalia uwanja. Uwanja wenye michirizi ya fagio la chelewa, ile mistari iliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, ulimwambia kwamba mwenye nyumba kaamka, ni mzima, na hana jambo. Uwanja ambao jua limeshapanda na bado una majani ya jana ulileta watu mlangoni, wakipiga hodi kwa sauti ya wasiwasi. Ninyi wenzangu mliokulia Temeke miaka ile ya Ujamaa mnaikumbuka sauti ya mafagio kabla hakujapambazuka vizuri, nyumba hii ikimaliza ile inaanza. Mimi nimelelewa na sauti hiyo kuliko hata redio.

Tulikaa Mtoni, upande unaoteremka kuelekea bonde la Kizinga. Wakati huo Mtoni ilikuwa nje ya mji hasa. Kulikuwa na minazi, mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na chache za bati ambazo wenyewe walizisifia kwa majivuno mvua ikinyesha. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka shuleni, tukakaguliwa kucha na kola za mashati, tukamwagilia shamba la shule ndipo tukaingia darasani. Jioni ilikuwa michezo ya rede, kombolela na mdako. Wajukuu zangu nikiwaambia tulikuwa tunachuchumaa kwenye mdako kuanzia alasiri mpaka tunaitwa kula, wananiuliza kama tulikuwa hatuumwi migongo. Wao migongo inawauma kwa kuinamia simu.

Na chakula, jamani. Hata kipindi kile cha ugali wa yanga, unga wa njano ambao kila mtu aliulalamikia na kila mtu aliula, kitoweo hakikutushinda. Mama alikuwa akipika bilinganya za nazi na vipande vya papa mkavu, akazifunika kidogo zilainike, na harufu ile ilitukusanya kutoka kwenye michezo bila ya kuitwa. Bilinganya zenyewe tulikuwa tunazichuma asubuhi bondeni, bado zina ubaridi wa usiku. Mtu ananiuzia leo bilinganya sokoni iliyonywea kama kiatu cha zamani, ananiambia mama hii imetoka shambani sasa hivi. Nalipa tu.

Bustani ile ilikuwa ya mama peke yake. Baba alikuwa karani wa stoo, akahamishiwa Tanga, akatangulia ili atutafutie nyumba, na huko akapata nyumba yenye mke ndani yake. Hakurudi. Mama hakulia mbele yetu na hakumtaja kwa ubaya, ila tangu siku hizo alianza kufagia mara mbili kwa siku. Alikuwa anajua wazi kwamba mwanamke aliyeachwa hutazamwa, na alitaka wakimtazama wasipate la kusema. Nilikuwa mdogo lakini niliielewa hofu yake, na mpaka leo nikiona mwanamke anafagia kwa nguvu kupita kiasi najiuliza ni nani aliyemuudhi.

Kikundi cha akina mama wa tawi letu la chama kilikuwa kimepewa eneo bondeni, karibu na maji, na kila mwanachama akapewa matuta yake alime mboga, ale na auze. Sharti lilikuwa moja tu. Anayeyaacha yakawa pori ananyang'anywa, anapewa mwingine, maana wanaoyataka walikuwa wengi kuliko matuta. Kwa wenzake mama matuta yale yalikuwa nyongeza ya mshahara wa mume. Kwetu ndiyo yalikuwa mume. Sare zetu, mafuta ya taa, chumvi, vyote vilitoka kwenye bilinganya, nyanya chungu na mchicha wa mama, na kama angenyang'anywa sehemu ile, tungefungasha kurudi Kisarawe kwa bibi, na shule yetu ingeishia hapo. Hilo mama alilisema mara moja tu, tukiwa tunakula, kisha akabadilisha mazungumzo.

Basi mama akawa anakwenda na fagio bondeni. Alifagia njia zote katikati ya matuta, akang'oa kila jani lisilokuwa na jina, mpaka udongo ukawa mtupu na mgumu kama sakafu. Nyumbani tulikuwa tukinyunyiza maji kwanza ndipo tunafagia, vumbi lisitimke. Bondeni, wakati wa kiangazi, kila ndoo ilikuwa ya mboga, kwa hiyo mama alifagia pakavu. Vumbi lilipanda, likaelea kidogo, likakaa juu ya majani. Bi Chausiku, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwepesi, alikuwa akileta wageni kuja kuiona. "Kwa Mama Hawa hapa unatandika mkeka ukala pilau," alikuwa akiwaambia, na mama anainamisha uso kama hajasikia.

Jirani yetu upande wa kushoto bondeni alikuwa Mama Anjelina, Mmakonde kutoka Newala, ambaye mume wake alikuwa akichonga vinyago. Bustani yake ilikuwa aibu ya kikundi. Nyasi zilimea njiani, magugu yalishikana na bilinganya, na majani makavu yalilala yalipoangukia. Si kwamba alikuwa na elimu fulani ya siri. Alikuwa hana muda, kwa sababu kutwa alikuwa akimsugulia mumewe vinyago kwa msasa. Ukimsema anacheka. "Mie mboga zangu zinajua kujilea," anakujibu. Yeye na mama walikuwa mashoga wakubwa, na mama hakuacha kumtania kwamba siku moja atakuta chatu amelala kwenye matuta yake.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kirefu. Nakumbuka jinsi tulivyokuwa tukichota maji kwenye kisima cha bondeni na kuteremka chini zaidi kila wiki, na jinsi nyayo zetu zilivyokuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Wakati huo ndipo majani ya bilinganya za mama yalipoanza kubadilika. Kwanza yakawa na vidoa vidogo vidogo vya rangi ya maji ya mchele, kama mtu kayanyunyizia unga. Halafu yakawa ya kikahawia, makavu, na chini yake kukawa na utando mwembamba unaonata vidoleni. Maua yakadondoka kabla ya kuzaa. Matuta ya Bi Chausiku nayo yakaanza hivyo hivyo, na ya wengine wote waliosifiwa usafi.

Mama alipoona uchafu kwenye majani alifanya alichokijua. Alizidi kufagia. Aliamka mapema zaidi, akafagia mpaka pembeni kabisa, akang'oa hata nyasi za ukingoni alizokuwa akiziacha, akapulizia majivu juu ya mimea kama walivyofanya mama zake huko Kisarawe. Jioni alirudi mweupe mwili mzima kama aliyetoka kusaga. Wenzake nao wakamuiga. Asubuhi bonde zima lilikuwa ukungu wa vumbi, na ndani yake unasikia wanawake wanakohoa na kusalimiana. Na bilinganya zikaendelea kukauka.

Minong'ono haikukosekana. Mmoja alisema ni jicho, mwingine akasema ni adhabu kwa wanaouza mboga wakati wa misiba bila ya kugawa. Mama aliuchukulia vibaya uvumi huo, maana kwa mwanamke aliyeachwa kila neno la aina hiyo huwa linamwangukia yeye. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia dada yake aliyekuja kututembelea, "Sijui nimekosea wapi. Kama ni usafi, nimefanya." Sauti yake ilinitisha. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akiwa hajui la kufanya.

Ndipo akaja bwana shamba. Alikuwa kijana mwembamba mwenye baiskeli, mgeni katika wilaya, na heshima zake. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba baba, akamkaribisha kwa maji kwanza kabla ya kumwonyesha maradhi. Kijana alichukua karatasi nyeupe, akaishika chini ya jani, akaligonga jani kwa kidole. Juu ya karatasi ikadondoka kama chengachenga za pilipili iliyosagwa. Halafu chengachenga zikaanza kutembea. Mama alirudi nyuma akashika kifua.

"Huu ni utitiri, mama," kijana alisema. "Ni mwekundu, tena umekuwa mwingi sana mwaka huu. Kila bustani ya bonde hili ninayopita naukuta."

Utitiri sisi tuliujua wa kwenye banda la kuku, unaokupandia ukienda kuokota mayai na kukuwasha mpaka ukaoge. Huu ulikuwa wa majani, hautaki kuku wala mtu, na hata wazee waliolima bondeni tangu enzi za mkoloni walisema hawajawahi kuuona ukiingia kwa wingi namna ile. Mama aliuliza dawa. Kijana akasema dawa haipo stoo, na hata ingekuwepo ile waliyozoea kuwapa watu, inaua wadudu wote isipokuwa huu. Akamwambia achume majani yaliyoharibika sana ayachome moto, asiyatupe njiani. Amwagie maji kwa nguvu chini ya majani, si juu peke yake. Atwange majani ya mwarobaini, ayaloweke usiku kucha, achanganye na kipande cha sabuni, anyunyize jioni jua likipoa. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa moja moja, mpaka kijana alipofika kwenye la mwisho.

"Na hili fagio, mama. Naomba uliweke."

Mama alimtazama kama kamwambia avue khanga mbele ya watu. Kijana akaeleza taratibu, bila ya kumdharau. Utitiri unapenda joto, ukavu na jani lenye vumbi. Vumbi lile analolitimua kila asubuhi ndilo linaloutengenezea kitanda. Tena kuna vidudu vingine vidogo vinavyoula utitiri, na hivyo vinakaa kwenye nyasi na majani ya chini, na yeye kila siku anavifagia na kuvitupa. Akanyoosha mkono kwenye bustani ya Mama Anjelina. Katikati ya magugu yale bilinganya zilikuwa zimebeba, za zambarau, zinang'aa. Mama Anjelina mwenyewe alikuwa amesimama pale, akiangalia bustani yake kama ya mtu mwingine. "Mungu hunipenda mie mvivu," alisema.

Mama aliyapima maneno yale. Hakuwa mtu wa kukataa jambo kwa sababu ni jipya. Lakini mtazameni na ninyi alivyokuwa amebanwa. Akiendelea kufagia, bilinganya zinakufa na sisi tunakosa. Akiacha kufagia, bustani inaonekana pori, na pori linanyang'anywa. Na zaidi ya yote, wanawake waliokuwa wakimtazama tangu baba aondoke wangepata sasa la kusema. Nadhani hilo la mwisho lilimuuma kuliko yote, ingawa hakulitaja.

Aliacha. Siku ya kwanza alikwenda bondeni mikono mitupu, na nilimwona vidole vyake vikikunjuka na kukunjika vikitafuta mpini wa fagio. Alikata nyasi kavu kando ya maji, akazitandaza juu ya matuta na njiani, zikafunika ule udongo wake aliouhangaikia miezi yote. Tulichuma majani mabovu tukayachoma. Tulirusha maji kutoka chini kwenda juu, tukalowana wenyewe kuliko mimea, tukacheka. Sabuni ilikuwa ya shida wakati ule, watu wanapanga foleni toka alfajiri, lakini mama alikikata kipande chetu cha kuogea nusu, nusu yetu nusu ya bilinganya. Harufu ya mwarobaini ilikaa kwenye nguo zetu mpaka walimu wakauliza nyumbani kuna nani anaumwa.

Na bilinganya zikaanza kuitikia. Haikuwa ghafla. Majani mapya yaliyotoka yalikuwa ya kijani na yalibaki ya kijani, na maua yakaanza kushika. Mama alianza tena kuimba akiwa anamenya vitunguu.

Lakini bonde lilikuwa limeshaona. Habari ikazunguka kwamba Mama Hawa kaanguka, hafagii tena, bustani imejaa takataka. Wengine walisema amekata tamaa kwa ajili ya mume. Bi Chausiku alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akapewa chai, akazunguka mbali kabla ya kufika kwenye shina. Kamati ya tawi itapita mwisho wa mwezi kukagua, alisema, na yeye hataki kuona jina la mama likiingia kwenye wanaonyang'anywa. Mama alijaribu kumweleza habari za utitiri na vumbi. Bi Chausiku alimpigapiga goti, kama unavyofanya kwa mtu mwenye homa. "Najua mwanangu, najua. Mambo mengi. Pole," alisema. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Katikati ya hayo, shangazi yake mama alifariki Kisarawe. Tulikwenda wote matangani, tukakaa huko mpaka hitima. Tuliporudi, mama hakupitia hata nyumbani kuweka mzigo. Alishuka moja kwa moja bondeni na khanga yake ya msiba, sisi nyuma yake.

Bustani ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na unyasi hata mmoja. Njia zilikuwa na michirizi ya fagio iliyopangwa vizuri kuliko hata alivyokuwa akiipanga mama, ukingo ulikuwa umeparuliwa kwa jembe, nyasi alizozitandaza zilikuwa zimekwisha kuwa majivu kwenye shimo. Na wanawake wa kikundi walikuwa wamesimama pale, wengi wao, jasho linawatoka, mafagio mkononi, nyuso zimejaa furaha. Walikuwa wamefanya msaragambo. Walikubaliana kwamba mwenzao amefiwa, ameachwa, ameelemewa, na kamati inakuja, basi wao wamwokoe. Walikuwa wamefagia tangu alfajiri. Bustani ya Mama Anjelina nayo walikuwa wameifagia, kwa kuwa alipojaribu kuwaambia waache walidhani anautetea uvivu wake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekunja mikono.

"Kamati imepita sasa hivi tu," Bi Chausiku alimwambia mama, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Wamesema hii ndiyo bustani ya mfano. Hakuna wa kukunyang'anya. Umetutia hofu, mwanangu, lakini sie tupo."

Mama alisimama. Vumbi bado lilikuwa halijatua, lilikuwa linashuka polepole kwenye yale majani mapya. Halafu alipita kwa mmoja mmoja akawashika mikono, akawaambia ahsanteni, Mungu awalipe, ahsanteni sana. Aliwachumia mchicha kila mmoja wa kupika jioni. Nyumbani alivua viatu, akakaa kitandani, akalia kama nilivyokuwa sijamwona akilia hata kwa ajili ya baba. Nilipomuuliza kwa nini analia na bustani imenusurika, alisema hajui kama analia kwa ajili ya bilinganya au kwa ajili ya wale wanawake.

Utitiri ulirudi haraka, kwa kuwa jua lilikuwa kali na vumbi lilikuwa tele. Mama alikuwa na njia mbili tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana mwanzoni alikuwa anapambana na sifa yake na sasa alikuwa anapambana na wema wa watu. Kukataa ubaya wa mtu ni rahisi. Mtu aliyekufagilia tangu alfajiri utamwambia nini? Alingoja kidogo, akaona majani yanaanza tena vidoa, akachukua mundu akaenda kukata nyasi. Akazitandaza pale pale palipofagiliwa, mchana kweupe, wenzake wakimwona.

Bonde lilinyamaza. Hakuna aliyemsemesha siku hiyo, na mtu anayelijua bonde la wanawake wanaolima anajua ukimya huo una uzito gani. Jioni Bi Chausiku akaja pale kwenye matuta yetu, hajasalimia.

"Tumekukosea nini, Mama Hawa? Sie tunakufagilia, wewe unaturudishia uchafu machoni."

Mama alimshika mkono, na Bi Chausiku kwa hasira alitaka kuuvuta lakini hakuuvuta, mama akamwongoza mpaka kwenye mimea iliyokuwa imeathirika zaidi. Akageuza jani. Chini yake utando ulikuwa umezagaa, na wale wekundu walikuwa wanapita juu yake kwa haraka kama watu wa sokoni. Bi Chausiku alisogeza uso.

"Mlipokuja kunifagilia mlinipenda," mama alimwambia, taratibu. "Nimeuona upendo wenu, bi mkubwa, na sitausahau. Lakini hawa walifurahi kuliko mimi."

Bi Chausiku aliliachia jani. Alikwenda kwenye matuta yake mwenyewe, akageuza majani yake, moja, jingine, jingine, na tukaona mabega yake yanashuka. Aliondoka bila ya kuaga.

Asubuhi yake tulikuwa tumeshafika bondeni, na upande wa Bi Chausiku hatukusikia fagio. Jua lilipoanza kuchomoza akaonekana anateremka, mtita wa nyasi kichwani, khanga kaifunga kiunoni. Aliutupa mtita mbele ya mama. "Haya," alisema, "nionyeshe mwanangu, uchafu huu unatandazwaje." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Walitandaza pamoja, na kabla ya saa za shule wanawake wengine wawili watatu walikuwa wameshuka na nyasi zao, wanauliza mwarobaini unatwangwa na nini.

Hatukuokoa zote. Bilinganya nyingi tulizing'oa na kuzichoma, na mwisho wa mwaka huo ulikuwa wa mchicha na mihogo zaidi kuliko kitoweo. Lakini vuli iliposhuka ikayaosha majani, zilizobaki zikazaa, na tulibaki Mtoni, na shule tukaimaliza. Kamati ilipopita tena, mmoja wao aliuliza mbona hapa sasa pamekuwa pachafu. Bi Chausiku ndiye aliyemjibu, akiwa amesimama mlangoni mwa bonde na mikono kiunoni. "Hapa si pachafu, pametandikwa," alisema. Mama Anjelina alijitangaza kuwa mwalimu wa wote, na hakuna aliyemkatalia hilo, ingawa kila mtu alijua alifaulu kwa kulala.

Sasa nakaa Tegeta. Nyumba ina ukuta, ukuta una geti, na geti lina kengele. Uwani wameniwekea matofali ya saruji kila mahali, hakuna vumbi wala hakuna cha kufagia. Nina miche yangu ya bilinganya kwenye ndoo kuukuu karibu na tangi la maji, kwa ajili ya kumbukumbu tu, na majuzi ikapata vidoa vile vile. Mjukuu wangu alilipiga jani picha kwa simu, na kabla sijakaa vizuri akaniambia bibi ni utitiri, ni ishu ndogo, nunua dawa fulani. Akanitajia na jina. Nilimuuliza kama anajua kugeuza jani. Akaniuliza kwa nini aligeuze, wakati simu imeshasema.

Simlaumu. Anayajua kwa dakika moja mambo ambayo sisi yalitugharimu kiangazi kizima na machozi. Wala sisemi maisha yetu yalikuwa bora. Foleni za sabuni siziombei zirudi, na kuishi huku ukikaguliwa uwanja kila asubuhi kulimchosha mama kuliko nilivyojua wakati huo. Alizeeka mapema. Nikitazama picha yake ya miaka ile namwona mtu aliyekuwa hapumziki.

Ila mwaka jana niliugua. Watoto wako mbali, kijana anayenisaidia alikuwa kwao, nikalala ndani peke yangu na homa. Mti wa mkungu ulioko nje ya geti ulipukutisha majani, yakajaa mlangoni, yakalundikana mpaka kizingiti hakionekani. Watu wanapita, magari yanapita, majirani zangu wema tu, tunapungiana mikono. Lundo lile lilikaa. Nilikuwa nalala nimetega sikio. Na ninawaambia ninyi wenzangu, siku zile za homa ningewapa majirani hao kila nilichopanda wakifagie, wakiparue, wakichome moto, wakiue chote, na ningewachumia mchicha na kuwashukuru mmoja mmoja, ilimradi mtu angeyaona yale majani akapiga hodi.